Kutembelea shamba dogo la wanyama waliookolewa: mwongozo kamili kwa anayekwenda na watoto

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto kwenye shamba la namna hii, nje kidogo ya Arusha, nilibeba mfuko mzima wa mikate iliyolala na furushi la maandazi. Nikajiona nimejipanga kweli. Mama mwenye shamba akaupokea mzigo kwa mikono miwili, akachungulia ndani, akacheka. "Maandazi tutakula sisi na chai. Mikate nitaipeleka kwa kuku, kidogo kidogo. Mbuzi wangu wakila yote hii, leo silali."

Tangu hapo nimerudi mara nyingi, pale na kwingine, na karibu kila ninachokiandika hapa nilikijua baada ya kukosea kwanza.

Tuelewane kuhusu aina ya mahali. Sizungumzii mbuga wala bustani kubwa ya wanyama yenye kibanda cha tiketi. Nazungumzia boma la watu: mume, mke, watoto wao, pengine na kijana mmoja wa kusaidia, wanaoishi na wanyama waliofika pale kwa balaa fulani. Kuna punda aliyeachwa kando ya barabara baada ya mgongo kuoza vidonda. Kuna mbwa aliyegongwa na bodaboda, na sungura walionunuliwa sikukuu wakachokwa kabla ya mwezi kuisha. Mgeni anaruhusiwa kuingia, kulisha, kushika kidogo, na kiingilio chake kinanunua pumba na dawa za minyoo. Ukilitazama kama kituo cha burudani utaondoka umenuna, maana hakuna ratiba na punda hana habari kwamba umelipa.

Hatua ya 1: Chagua shamba kwa maswali

Picha nzuri mtandaoni hazikuambii kitu. Mtoto wa mbuzi aliyevikwa kofia anapendeza hata kwenye shamba linalomtesa. Piga simu au tuma ujumbe, uliza haya kwa adabu, kisha sikiliza jinsi unavyojibiwa.

Huyu mnyama alitoka wapi? Mwokoaji wa kweli ana hadithi ya kila mmoja wao, na mara nyingi utashindwa kumnyamazisha. Daktari wa mifugo ni nani, na alikuja lini mara ya mwisho? Mbwa na paka wamechanjwa kichaa cha mbwa? Mnyama akichoka na watu, anakwenda wapi? Swali hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Lazima kuwe na banda, kona au uzio ambao mgeni havuki, na mnyama aweze kwenda huko kwa miguu yake mwenyewe. Sungura anayepitishwa mikononi tangu asubuhi hadi jioni hakuokolewa, amehamishwa gereza tu.

Uliza pia kuhusu watoto wa wanyama. Pakiwa na vifaranga, vitoto vya sungura na vindama miezi yote kumi na miwili, jiulize wanakwenda wapi wakikua. Anayezalisha ili wageni wasikose cha kubeba anafanya biashara ya mifugo. Ni haki yake, lakini asiiite uokoaji.

Jambo linalosahaulika ni wanyamapori. Ukikuta tumbili amefungwa kamba kiunoni, komba ndani ya tundu la kuku au kobe kwenye beseni, uliza kibali. Tanzania inayo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2013, na kote kuwili mtu hafugi mnyamapori kwa kuwa amemhurumia tu. Familia inayofuata utaratibu itakuonyesha karatasi bila kukunja uso. Na kobe kumfuga bila kibali ni kosa hata kama babu alikuwa naye.

Hatua ya 2: Piga simu, ni nyumbani kwa watu

Usitokee tu. Familia hizi hulisha, hukamua, hufua na hupika kama wewe, na Jumapili nyingine wana msiba au sherehe. Piga simu siku mbili tatu kabla, taja mko wangapi na watoto wana umri gani. Kundi la watoto wanane kwa mtu mzima mmoja likataliwe hata na wewe mwenyewe. Watoto wawili au watatu kwa mtu mzima mmoja inatosha, na wa chini ya miaka mitano ashikwe mkono muda wote.

Kwenye simu hiyohiyo sema mambo ambayo watu huyaonea aibu. Kama familia yenu ni ya Kiislamu na mnaogopa mate ya mbwa, sema mapema. Mbwa watafungiwa upande wa pili, na hakuna atakayekasirika. Nimewahi kwenda na shangazi yangu, Mwislamu wa madhehebu ya Shafii kwelikweli, akakaa saa nzima amekunja miguu juu ya benchi kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mbwa alikuwa mlemavu wa miguu ya nyuma, ila mate ni mate, na kuosha mara saba moja kwa udongo si kazi ndogo ukiwa ugenini. Uliza pia kama kuna nguruwe.

Mwenye pumu aseme. Mama mjamzito aseme pia, tena aulize kama kuna mbuzi au kondoo aliyezaa siku za karibuni au anayekaribia kuzaa. Kama yupo, asisogelee banda hilo wala kugusa nguo zilizotumika humo, kwa kuwa maji ya uzazi na kondo la nyuma la wanyama hawa hubeba vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Muda mzuri ni saa tatu asubuhi hadi saa tano. Baada ya hapo jua linakolea, wanyama wanalala kivulini wakicheua, na watoto wanalalamika kwamba "hawafanyi kitu". Jioni kuanzia saa kumi ni nzuri pia. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, uliza hali ya njia. Barabara nyingi za kwenda mashambani huwa uji mtupu, na gari dogo litalala huko.

Hatua ya 3: Zawadi inayofaa

Usibebe chakula bila kuuliza. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wana tumbo la vyumba vinne linaloishi kwa kuchachusha majani. Ukiwajaza mkate, ugali au mahindi ghafla, uchachu huongezeka kupita kiasi, na mnyama anaweza kufa. Ndicho alichokuwa anakikwepa yule mama.

Vipo pia vyakula tunavyoviona vya kawaida kumbe ni sumu. Parachichi linaongoza. Majani, ganda na kokwa lake vina kemikali inayodhuru moyo wa sungura, ndege, mbuzi na jamii ya farasi, na katika mikoa yetu ya parachichi maganda hutupwa popote. Majani na maganda mabichi ya muhogo yana sayanidi, ndiyo maana kisamvu tunakichemsha sana. Vitunguu na chokoleti ni hatari kwa mbwa.

Kinachopokewa kwa furaha karibu kila mahali ni karoti, mchunga uliochumwa mahali pasipopuliziwa dawa, robota la nyasi kavu, gunia la pumba, jiwe la chumvi la kulamba, magazeti ya zamani, mataulo yaliyochakaa, sabuni ya unga. Taulo kuukuu ni dhahabu pale. Ndilo kitanda cha mbwa mgonjwa na ndilo linalomkausha mwanakondoo aliyezaliwa kwenye mvua.

Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini vifungashio vyembamba bado vinazunguka, na mbuzi havichagui. Vinajikusanya tumboni, mnyama anakonda huku tumbo limejaa, na wenyewe mnadhani ni minyoo. Beba karoti kwenye kikapu.

Hatua ya 4: Mavazi

Gambuti kama mnazo, au raba nzee zilizofunika kidole. Ndala hapana. Kwato la mbuzi likikanyaga kidole kitupu utalikumbuka wiki nzima, na samadi ndiyo makazi ya vijidudu vya pepopunda (jina lenyewe limemtaja punda, na si bure). Kabla ya safari angalia kadi za kliniki za watoto kama chanjo hiyo imekamilika. Suruali ndefu huzuia kupe. Hereni zinazoning'inia na mikufu iachwe nyumbani. Aliyesuka nywele ndefu azifunge juu, na aliyejifunga kanga achomeke ncha zake vizuri. Mbuzi mmoja alinitafunia kona ya kanga yangu mpya hadi nusu ya maandishi; iliyokuwa methali ikabaki neno moja, "usi".

Hatua ya 5: Getini

Piga hodi na usubiri. Wafundishe watoto waamkie wenyeji kabla ya kukimbilia mabanda. Binti yangu wa miaka sita alipita moja kwa moja hadi kwa sungura, nikamrudisha. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuwaona wanangu?" Toka hapo yule bibi alimshika mkono na kumwonyesha hata vile ambavyo mgeni haonyeshwi, pamoja na dumu la dawa na daftari la matumizi.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuingia. Nanyi mnaweza kuwaletea wanyama ugonjwa, hasa kama nyumbani mna kuku wanaokufa au mbwa anayeumwa. Ikiwa hali ndiyo hiyo, ahirisheni.

Kisha wape watoto sheria chache, zisizidi nne, maana ya tano haisikiki: tunatembea bila kukimbia, tunaongea taratibu, hatumfuati mnyama anayeondoka, mikono haiingii mdomoni.

Hatua ya 6: Kaa chini, usubiri

Hapa ndipo penye raha, na ndipo wageni wengi wanapoharibu. Wanaingia wamenyoosha mikono, wanamzunguka mnyama, simu juu. Mnyama aliyewahi kupigwa anajua mkono ulionyooka unaishia wapi.

Omba ndoo, igeuze, mkalishe mtoto juu yake kama hatua tano kutoka kwa mnyama, ubavu wake ukiwa upande wa mnyama. Mpe karoti aishike. Basi. Nyamazeni.

Punda ndiye mwalimu wa hatua hii. Asili yake ni punda-mwitu wa nchi kavu na za mawe za Pembe ya Afrika, na akiogopa huwa hakimbii hovyo kama farasi. Anasimama ganzi kwanza, apime jambo. Sisi tukaita ukaidi, tukatunga "asante ya punda ni mateke", tukachukua fimbo. Masikio yakielekea mbele kwako, anakuchunguza. Yakilala nyuma, rudi nyuma na wewe. Usipite nyuma yake, na usimguse uso kwanza; anza shingoni au begani, kwa kukuna, si kwa kupigapiga.

Yule wa shamba ninalolijua ana kovu jeupe mgongoni, refu kama kiganja, mahali ambapo nywele ziliota bila rangi baada ya kidonda cha matandiko. Tulikaa dakika ishirini hivi. Alikula nyasi akijifanya hatuoni, akisogea nusu hatua kila mara, mpaka binti yangu akasikia pumzi ya moto shingoni, akanitazama kwa macho makubwa bila kugeuza kichwa. Alinong'ona, "Mama, ananinusa." Karoti aliisahau mkononi, punda hakuisahau.

Wenye mashamba haya watakueleza kwa nini punda wamekuwa wengi kwao. Ngozi zao huchemshwa kutengeneza gelatini ya dawa ya asili ya Kichina, na biashara hiyo ilichochea wizi na uchinjaji katika nchi nyingi za Afrika. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, hivyo kundi likipungua halirudi haraka. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Wafikao Lamu, mji ambao punda ndiye daladala na ndiye lori, wanaweza kuiona hospitali ya punda iliyoanzishwa mwaka 1987, ambako wenye punda hutibiwa wanyama wao bila malipo.

Mbuzi ni rahisi zaidi, na ni mkorofi zaidi. Hana meno ya mbele upande wa juu, ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo mlishe kwenye kiganja kilichonyooka kama sahani, vidole vimebanana. Magego ya nyuma anayo, na yanasaga. Kidole kisifike huko. Usisukumane naye kichwa kwa mchezo, maana atadhani mmeanza ligi, na atakayeupokea mpira wa pili ni mtoto wako.

Sungura asibebwe. Aketi sakafuni na mtoto aketi sakafuni, akunwe paji la uso. Akilazimika kubebwa, mtu mzima ashike kifua kwa mkono mmoja na makalio kwa mwingine, ambane kifuani. Masikio si mpini. Akirusha mateke hewani bila kushikiliwa nyuma anaweza kujivunja uti wa mgongo. Na akitulia tuli macho yametoka, usidhani amefurahi: huo ni woga.

Mbwa waliookolewa, fuata neno la mwenyeji tu. Usimwinamie, usimkumbatie, usimsogelee akila au akiwa na watoto wake. Bata bukini wana tabia ya kufukuza. Simama, uso kwake, rudi nyuma polepole. Ukikimbia amekushinda, na watoto wako watakusimulia miaka.

Picha piga, baada ya kuuliza, bila mwanga wa kamera, na baada ya dakika za kukaa kimya.

Hatua ya 7: Maji na sabuni

Mwaka 2009 huko Surrey, Uingereza, watu 93, wengi wao watoto wadogo, waliugua bakteria wa E. coli O157 baada ya kutembelea shamba la wanyama, na baadhi ya watoto figo zao ziliathirika. Wanyama wale hawakuonekana wagonjwa. Bakteria hao hukaa kwenye utumbo wa ng'ombe, mbuzi na kondoo bila kuwasumbua, hutoka na kinyesi, hushika manyoya, uzio na viatu.

Kwa hiyo kula kuwe mwisho, mbali na mabanda, baada ya kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ndoo yenye koki inatosha kabisa. Kitakasa mikono si mbadala, kwani hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye uchafu na kuna vimelea hakiviui. Chuchu bandia ikianguka chini iwekwe mfukoni. Maziwa mabichi ukikaribishwa, shukuru na uombe yachemshwe. Brusela ni homa ya kwenda na kurudi inayochukua miezi, na hospitali nyingi huanza kwa kudhani ni malaria.

Ikitokea ameumwa au amekwaruzwa

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majivu wala usikifunge kwa kubana. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukaeleze, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo, ili daktari ndiye aamue. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikianza mapema hukizuia. Na jina lisikupotoshe: paka, punda na mbuzi nao huambukiza. Kidonda cha uso au cha mkono kwa mtoto ni cha kukimbia nacho.

Kuondoka

Lipa kiingilio bila kuomba punguzo. Ukiwa na cha ziada, uliza nini kimepungua. Jibu huwa dogo na mahususi, mfano spirti, au bati moja la banda la kuku.

Njiani mtoto ataomba mumchukue mmoja. Sema mtazungumza baada ya wiki mbili, na kweli mzungumze. Punda anaweza kuishi zaidi ya miaka thelathini, mbwa kumi na zaidi. Msimnunue komba au kobe anayeuzwa kando ya barabara kwa nia ya kumwokoa. Pesa yenu ndiyo inayomrudisha muuzaji porini kesho. Na tafadhali, kama una mbwa usiyemtaka, usimwache getini usiku ndani ya boksi. Yule mama aliwahi kukuta vitoto sita vya mbwa namna hiyo, asubuhi ya mvua, na boksi lilikuwa limelowa likafumuka.

Nyumbani viatu vibaki nje visuguliwe, nguo ziloweshwe, na kila mtoto akaguliwe kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani. Kwa wiki mbili zijazo, yeyote akipata homa au kuharisha, hasa kuharisha damu, mwambie daktari mlishika wanyama.

Siku ya pili tuma ujumbe wa shukrani na zile picha. Familia hizi huzihitaji kuonyesha wengine. Mimi nilituma ya binti na punda. Jibu lilikuja jioni: "Amesimama pale penye ndoo tangu asubuhi. Mtakuja lini? Na mkija, tuna shida ya mataulo."